Jukwaa la Wenyeji

Tiketi hizi karakana imetugawia bure,
pamoja na skafu ya buluu
na wali uliokunjwa kwa mwani.
Bwana Tak, msimamizi, ametupanga safu kwa safu
kama anavyotupanga tumboni mwa meli:
Wanepali kule, Wavietinamu hapa,
na wewe, Mirvohid, kaa nami
ujifunze kushangilia.

Sijamwambia.
Miaka mitano nachomelea vyuma hapa Geoje,
anajua namba ya buti langu,
anajua sili nguruwe,
hajui kwamba wale wekundu
wanaopasha misuli upande wa pili
wametoka Quva, mji wa makomamanga,
na kwamba namba sita, yule mwenye matege,
ni mtoto wa jirani aliyevunja kioo cha dirisha letu
mara mbili,
na mara ya pili mama alimrudishia mpira akamwambia:
basi angalau jifunze kulenga.

Fainali ya Asia, Novemba, baridi ya kung'ata masikio.
Wageni mia mbili wamebanwa pembeni,
kamba huku, askari kule,
na dufu lao moja linadunda
kama moyo wa mtu aliyejificha kabatini.
Nalijibu kwa kisigino, polepole.
Bwana Tak anadhani natetemeka.

Dakika ya kumi na tisa wenyeji wanafunga.
Nasimama; nani hasimami?
Bwana Tak ananikumbatia,
ananuka pombe ya mchele na grisi,
na nitasema kweli: nilifurahi. Kidogo.
Bao lilikuwa zuri,
na mikono ile iliyonikumbatia
ndiyo iliyonivuta kwa ukosi mwaka juzi
waya wa kreni ulipokatika.

Mcheza kwao hutunzwa, wamesema.
Mtazamaji wa ugenini
hawakusema atunzwe na nani.

Mapumziko. Simu inatetema. Mama.
Kwao ni alasiri, televisheni imetolewa uani,
mtaa mzima unapiga kelele nyuma ya sauti yake:
"Unamwona? Uko karibu? Umempungia mkono?"
Niko karibu, mama, namjibu.
Siandiki karibu na nani.

Kipindi cha pili, mvua na filimbi.
Mwamuzi anakimbilia skrini yake
kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka,
anarudi, anakataa penalti.
Kisha, dakika ya themanini na nane, kona:
mpira unapaa, unapotelea ndani ya taa,
unashuka, na matege yale

Watu elfu arobaini wakazimika
kama mashine umeme ukikatika.
Nami nilikuwa wima.
Peke yangu, safu nzima,
na kifuani limenitoka neno la nyumbani
ambalo sijawahi kulipazia sauti
tangu nishuke kwenye ndege.

Bwana Tak alinitazama kutoka chini.
Akaitazama skafu. Akamtazama namba sita
anayelia amekumbatia kibendera cha kona.
"Mji wako?"
"Mtaa wangu."
Akanivua skafu shingoni, taratibu,
nikajua kibarua kimeota nyasi.
Akaikunja mara nne,
akaitandika kwenye kiti changu kilicholowa.
"Kaa. Bado nusu saa ya nyongeza.
Na kesho zamu ni alfajiri,
kwa aliyeshinda na aliyeshindwa."

Mikwaju ya penalti sitaisimulia yote.
Wa mwisho alipiga yule mtoto wa jirani.
Alilenga, mama, nakuapia alilenga,
mwamba wa juu ukalia hadi kwenye meno yangu,
na jukwaa zima likalipuka,
skafu, miavuli, vikombe vya karatasi hewani.

Bwana Tak hakusimama.
Alikuwa anafunga kamba za viatu, alisema.
Viatu vyake havina kamba.